Panya wa mwezi Mei: tunavyowaandaa watahiniwa wa baiolojia kidato cha sita

Panya amelala chali kwenye trei ya nta, miguu yake minne imebanwa kwa pini. Mtahiniwa amevaa koti jeupe la kuazima, mkasi mkono wa kulia, koleo mkono wa kushoto. Karatasi ya maswali inamtaka ampasue mnyama huyo, auoneshe mfumo wake wa kumeng'enya chakula, auchore na kuandika majina ya sehemu zake. Msimamizi amekwisha kutangaza muda wa kuanza.

Hivyo ndivyo linavyoweza kuja swali la Baiolojia 3, mtihani wa vitendo wa kidato cha sita unaofanyika kila Mei nchini Tanzania. Mwaka mwingine mnyama huwa chura, mwaka mwingine mende. Mkono uliozoea hauoni ugumu. Unakata ngozi kwa mstari wa katikati, kutoka chini ya tumbo kuelekea kooni, ncha ya mkasi ikiwa imeinuliwa isichome ndani. Unaifungua ngozi pande mbili na kuibana, kisha ukuta wa tumbo nao. Halafu unaulaza utumbo upande mmoja taratibu, bila kuukata utando unaoushikilia, mpaka mfuko wa chakula, wengu, duodenamu, sekamu na utumbo mpana vyote vionekane.

Mkono usiozoea huzamisha mkasi. Utumbo hutoboka, uchafu humwagika juu ya viungo vingine, na mtahiniwa hujikuta akichora picha aliyoikariri kitabuni huku mnyama halisi akiwa ameharibika mbele yake. Si mvivu wala si mjinga. Amesoma usiku na mchana. Ila siku ambazo darasa lake lilipasua panya, walikuwa watano au sita kwenye trei moja, na mkasi ulishikwa na mmoja.

Kilichomkwamisha mkononi ndicho kinachowakwamisha wengi kwenye pepa mbili za nadharia pia: wanajua majina ya vitu na hawajui vinafanya kazi vipi. Mtihani wa baiolojia wa ngazi hii unauliza sana vipi na kwa nini. Maandalizi yetu, kwa sehemu kubwa, yanajibu nini.

Miezi 22, mada lukuki

Kidato cha tano huanza Julai. Mtihani wa taifa huanza mapema Mei, miaka miwili kasoro miezi miwili baadaye. Ukitoa likizo, mitihani ya muhula, mtihani wa utamilifu na zile wiki za mwanzo ambazo wanafunzi bado wanaripoti shuleni na magodoro yao, muda wa kufundisha unakuwa mfupi kuliko unavyoonekana kwenye kalenda.

Ndani ya muda huo mwanafunzi wa PCB anabeba fizikia, kemia na baiolojia, kila somo likiwa na pepa tatu, pamoja na masomo mengine ya lazima. Wa CBG ana jiografia mahali pa fizikia. Machi 2024 serikali ilitangaza orodha ndefu ya tahasusi, 65 kwa jumla, lakini mkondo wa PCB umebaki kuwa ule ambao wazazi wengi huuota, kwa sababu ndiyo njia iliyonyooka ya kwenda kusomea udaktari.

Baiolojia peke yake ni safari ndefu. Inaanza na seli na utando wake, inapita kwenye uainishaji wa viumbe, lishe, upumuaji, usafirishaji ndani ya mimea na wanyama, neva na homoni, udhibiti wa joto na maji mwilini, uzazi, ukuaji, jenetiki, mageuko ya viumbe na ikolojia. Kitabu ambacho wanafunzi wamezoea kukiita BS, yaani Biological Science cha Taylor, Green na Stout, kina mamia kwa mamia ya kurasa zilizojaa maandishi madogo. Kiliandikwa kwa wanafunzi wa Uingereza, na hakimsubiri msomaji.

Shule inapokuwa na nakala chache za kitabu hicho, mwanafunzi hukimbilia madesa. Haya ni madokezo yaliyonakiliwa na kunakiliwa tena kutoka kwa kaka na dada waliotangulia, pamfleti za twisheni, na vitabu vya mitihani iliyopita vyenye majibu yake. Usiku kwenye prepo ndivyo vinavyosomwa. Kupiga msuli, kwa wengi, maana yake ni kuyapitia madesa hayo mara ya tatu, ya nne, ya tano, mpaka kurasa ziingie kichwani jinsi zilivyo.

Wanaotetea kukariri wana hoja

Ni rahisi kumlaumu mwanafunzi anayekariri. Ni rahisi zaidi kumlaumu mwalimu anayemwandikia madokezo ubaoni kipindi kizima. Lakini hoja yao inastahili kusikilizwa.

Walimu wanaofundisha kwa namna hii hueleza kwamba muhtasari ni mpana na mwalimu wa baiolojia mara nyingi ndiye huyohuyo anayefundisha vidato vya chini. Akitumia wiki nzima kueleza jinsi nefroni inavyochuja damu, atafika Aprili hajagusa ikolojia, na swali la ikolojia litakuja. Afadhali mwanafunzi awe na kitu cha kuandika kwenye kila mada kuliko kuielewa vizuri nusu ya mada na kuacha nusu nyingine tupu.

Wanafunzi nao wana yao. Maswali hujirudia. Anayetazama mitihani ya miaka kumi ataona osmosisi, usanisinuru, mzunguko wa Krebs, homoni za mimea na urithi wa Mendel vikija na kurudi. Kwa nini usiandae majibu kabisa?

Na kuna ukweli mwingine ambao watetezi wa kuelewa huusahau: baiolojia ina mambo yanayopaswa kukaririwa. Hakuna namna ya kufikiria juu ya uainishaji bila kujua majina ya faila. Hakuna namna ya kueleza njia ya damu moyoni bila kuwa na majina ya vali kichwani. Kumbukumbu ni malighafi ya kufikiri, na mwanafunzi asiyekuwa nayo hana cha kufikiria.

Mwandishi wa makala haya anakubali yote hayo. Kinachobaki kuulizwa ni kama kusoma madesa mara tano ndiyo njia ya kuyakumbuka.

Kusoma mara nne, kukumbuka kidogo

Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio lililofanywa kwa wanafunzi na vifungu vifupi vya sayansi. Kundi moja lilisoma kifungu mara nne. Kundi jingine lilisoma mara moja tu, kisha mara tatu likafunga karatasi na kuandika kila lililolikumbuka.

Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walishinda: walikumbuka asilimia 83, wenzao asilimia 71. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliosoma mara nne walibaki na asilimia 40. Waliojipima walikuwa na asilimia 61.

Matokeo hayo yanaeleza jambo ambalo kila aliyepita bweni la kidato cha sita analijua bila kulifanyia utafiti. Mwanafunzi anamaliza prepo saa sita usiku akiwa na uhakika kwamba mada ya homoni imekaa kichwani. Kweli imekaa, kwa usiku ule. Wiki inapopita, imebaki vipande.

> Kusoma tena kunampa mwanafunzi raha ya kuzoea kurasa. Kufunga daftari na kuandika upya ndiko kunakomwonesha asichokijua.

Hapa ndipo mitihani iliyopita inaponipa msimamo tofauti na wa wale wanaoipiga vita. Pasti pepa ni chombo kizuri kuliko vyote alivyonavyo mwanafunzi, ilimradi aijibu daftari likiwa limefungwa, kwa saa inayohesabiwa, na asahihishe baadaye kwa kitabu. Inageuka sumu pale tu anapofungua kurasa za majibu kwanza na kuanza kuyameza. Karatasi ni ileile. Kazi ya kichwa ndiyo inayotofautiana.

Kuna hati nyingine ambayo huachwa bila sababu ya maana. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, huchapisha uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, ukiwa na vipande vya majibu mazuri na mabaya ya watahiniwa wenyewe. Hupatikana bila malipo. Sababu za kufeli zinazotajwa humo zinajirudia: kutoelewa swali linataka nini, maarifa haba ya mada, udhaifu wa Kiingereza, na michoro isiyofuata kanuni. Mwanafunzi anaweza kutumia fedha ya pamfleti mwaka mzima asiguse hati hii, ambayo imetoka kwenye meza ileile ya wanaosahihisha.

Hatua moja ya maabara

Tuchukue mfano mdogo. Sukari ya mezani, sukrosi, haibadilishi rangi ya kitendanishi cha Benedict. Ili kuigundua, mtahiniwa huichemsha kwanza na asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, kisha huongeza sodiamu baikaboneti, ndipo huweka Benedict na kuchemsha tena mpaka itokee rangi ya matofali.

Wanafunzi hukariri hatua hizo kwa mfuatano, na ile ya katikati ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa sababu haina rangi wala tukio la kukumbukwa. Mapovu kidogo, basi. Lakini anayejua kwa nini ipo hawezi kuisahau. Asidi iliwekwa ili kuivunja sukrosi kuwa glukosi na fruktosi. Kazi yake ikiisha lazima iondolewe nguvu, kwani Benedict hufanya kazi kwenye mazingira ya besi. Ukiacha asidi ndani, jaribio linaharibika.

Sababu hiyo inaelezwa kwa sentensi mbili, na mwanafunzi aliyeelezwa hahitaji tena kukariri mfuatano wenyewe. Mada nyingi za somo hili ziko hivyo. Anayeelewa kwamba maji hufuata chumvi atakisia mwenyewe kwa nini mnyama wa jangwani ana kitanzi cha Henle kirefu ndani ya figo zake. Asiyeelewa atahitaji kukariri figo ya kila mnyama peke yake.

Selimundu: swali lililozaliwa kwetu

Katika jenetiki kuna mfano ambao kila mwanafunzi wa kidato cha sita hukutana nao. Herufi moja ya DNA inabadilika, GAG inakuwa GTG, na kwenye nafasi ya sita ya mnyororo wa beta wa himoglobini asidi ya glutamiki inachukuliwa nafasi na valini. Mtoto aliyerithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili anapata ugonjwa wa selimundu. Chembe zake nyekundu za damu hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo, na maumivu yake yanajulikana na kila muuguzi wa wodi za watoto.

Madesa huishia hapo: chanzo, dalili, uwezekano wa robo, nusu na robo kwa wazazi wawili wenye jeni mojamoja. Swali zuri la mtihani linaanzia hapo. Jeni inayoua watoto kwa karne nyingi, kwa nini haijatoweka?

Jibu lilipatikana huku kwetu. Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa jamii mbalimbali za Afrika Mashariki na kuchapisha matokeo yake mwaka 1954. Aligundua kwamba jeni ya selimundu ilikuwa nyingi pale palipokuwa na malaria nyingi, pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ilikuwa haba kwenye nyanda za juu zenye baridi. Mwenye jeni moja tu haugui selimundu, na ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali.

Kuanzia hapo mwanafunzi anaweza kuhesabu mwenyewe. Mahali penye malaria, wasio na jeni hiyo kabisa wanapunguzwa na malaria, wenye jeni mbili wanapunguzwa na selimundu, na wenye moja wanabaki kuzaa. Kila kizazi kinairudisha jeni. Je, malaria ikiondoka? Je, familia ikihamia Njombe kwenye baridi na kukaa huko vizazi ishirini? Aliyefuata hoja atajibu maswali hayo bila kuwahi kuyaona kwenye pasti pepa yoyote.

Kazi hiyo haijaisha. Katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Profesa Julie Makani na wenzake wamejenga moja ya vituo vinavyofahamika duniani vya utafiti wa selimundu. Mwanafunzi wa kidato cha sita anayesoma ukurasa ule anasoma juu ya watoto wa mtaani kwake. Ni lazima aambiwe hivyo, tena na mwalimu wake, mapema.

Furu wamo ziwani, tunasoma ndege wa Galápagos

Mfano wa pili unauma zaidi. Ikifika mada ya mageuko ya viumbe, vitabu humpeleka mwanafunzi kwenye visiwa vya Galápagos, kwa ndege wadogo wa Darwin wenye midomo ya maumbo tofauti. Ni mfano mzuri. Lakini mwanafunzi wa Mwanza, Musoma au Bukoba ameishi maisha yake yote kando ya mfano mkubwa kuliko huo, na pengine ameula mchana.

Ziwa Victoria lina furu, samaki wadogo ambao wataalamu wamehesabu kuwa walifikia spishi zipatazo 500 au zaidi. Ziwa lenyewe linaaminika kuwa lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita, kisha likajaa tena, kwa hiyo wingi huo ulitokea kwa muda ambao katika historia ya viumbe ni mfupi mno. Wapo furu waliokula mwani, waliovunja konokono kwa taya nene, waliowinda samaki wengine, na hata waliopora vifaranga kutoka kinywani mwa mama, maana furu wengi hulea mayai na watoto wao mdomoni. Taya za kila kundi zinalingana na kazi yake.

Kisha kuna sangara. Aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na idadi yake ikalipuka miaka ya 1980. Timu ya watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, iliyokuwa Mwanza tangu 1977 ikichunguza furu, ilijikuta ikishuhudia spishi kwa spishi zikipotea kwenye nyavu zake. Sangara akajenga viwanda vya minofu na ajira, furu wakaporomoka, na mtandao mzima wa chakula ziwani ukabadilika.

> Uteuzi asilia, kutokea kwa spishi mpya, mtandao wa chakula, kiumbe mgeni na uchumi wa watu: yote yamo katika ziwa moja.

Swali la mtihani likisema mtahiniwa aeleze kwa mifano jinsi spishi mpya zinavyotokea, mfano wa furu ni halali kabisa kisayansi. Anayeuelewa kwa sababu ameuona hatahitaji kumtafuta ndege wa kisiwani ambaye hajawahi kumwona.

Lugha ya kufikiria, lugha ya kuandika

Hapa pana mgogoro wa siku nyingi. Mtoto anayesoma shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili miaka saba, kisha anaingia sekondari na kukuta baiolojia kwa Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Istilahi si kikwazo tena. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990.

Utafiti nao upo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Halima Mwinsheikhe alichunguza ufundishaji wa baiolojia sekondari kwa lugha hizo mbili na akaona wanafunzi wanaofundishwa kwa Kiswahili wanashiriki darasani zaidi. Mradi wa LOITASA, uliowaunganisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway, nao uliyafundisha madarasa ya kidato cha kwanza baiolojia na jiografia kwa Kiswahili na kuyalinganisha na mengine. Zanzibar, watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol na wenzao wa visiwani waliwapima wanafunzi kwa maswali ya sayansi na kuonesha kwamba wengi walikuwa na ujuzi ambao karatasi ya Kiingereza haikuweza kuuona.

Upande wa pili hauna chuki na Kiswahili. Wazazi wanaotaka Kiingereza wanaona kwamba vitabu vya kidato cha sita, vyuo vikuu na majarida ya utafiti ni vya Kiingereza, na kwamba daktari wa Kitanzania anatakiwa asome alichoandika daktari wa Kampala au London. Wanahofia mtoto wa maskini ndiye atakayebaki na Kiswahili peke yake huku wa tajiri akinunuliwa lugha zote mbili. Hofu hiyo ni ya haki.

Wakati wakubwa wanaendelea kubishana, mtahiniwa wa Mei hawezi kusubiri sera. Anachoweza kufanya ni kile ambacho vikundi vizuri vya majadiliano vimekuwa vikifanya mabwenini kwa miaka: mmoja anasimama na kueleza mzunguko wa Krebs kwa Kiswahili, wenzake wanamkatiza kila anapopiga chenga, na akishaeleweka ndipo wote wanakaa na kuandika aya ya Kiingereza, moja moja, kisha wanabadilishana daftari. Hatua ya pili haikwepeki, kwa kuwa mtihani ni wa Kiingereza. Lakini kuikataza ile ya kwanza, kwa kibao cha "English only" au adhabu ya kufagia, ni kumnyima mwanafunzi nafasi ya kujua kama ameelewa. Shule zenye adhabu hiyo zinapaswa kuiondoa kwenye masomo ya sayansi leo.

Maabara inayofunguliwa Machi

Kampeni ya ujenzi wa maabara ya 2014 na 2015, iliyoagizwa na Rais Jakaya Kikwete, ilileta vyumba vitatu vya maabara kwenye shule nyingi za kata. Kabla yake, na kwa muda baada yake, shule zisizo na maabara zilikuwa na mtihani mbadala wa vitendo kwa kidato cha nne, yaani majaribio yaliyofanywa kwa kalamu. Kidato cha sita hakina huruma hiyo. Kijana aliyefika kidato cha tano bila kushika hadubini anapaswa kuizoea hapohapo.

Na bado zipo shule ambazo vitendo vya baiolojia huanza kwa nguvu miezi miwili au mitatu kabla ya mtihani. Wakuu wa shule hutaja gharama: kloroformu, Benedict, hadubini zilizoharibika lenzi, panya wanaonunuliwa kwa vijana wa kijijini. Gharama ni za kweli. Hata hatari ni ya kweli. Lushoto iliishi na tauni ya panya kuanzia 1980 hadi miaka ya 2000, na panya yeyote wa shambani anapaswa kushikwa kwa glavu, na aliyemshika anawe mikono kwa sabuni.

Lakini sehemu kubwa ya vitendo vya somo hili inapatikana jikoni na uwanjani. Vipande vya kiazi mviringo kwenye maji ya chumvi ya nguvu tofauti, vinavyopimwa urefu kabla na baada, vinafundisha osmosisi kuliko kurasa kumi. Mate na uji mwepesi wa wanga, pamoja na tone la ayodini, vinaonesha kazi ya kimeng'enya dakika baada ya dakika. Hamira na sukari kwenye chupa yenye puto vinatoa kabonidayoksaidi. Kipande cha ini kwenye haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa kinatoa povu la oksijeni. Ini lililochemshwa halitoi, na hapo swali la kwa nini linajiuliza lenyewe. Vijiti vinne na kamba vinatosha kupima uoto wa nyuma ya bwalo. Mende hakosekani.

Mchoro nao hautaki fedha. Penseli iliyochongwa, mistari isiyokatika, hakuna kivuli, mistari ya majina isiyopishana, kichwa cha mchoro na ukuzaji wake. Akichora kitu halisi kimoja kila wiki, jani, ua, mguu wa panzi, mwanafunzi atakuwa amechora vitu vingi kabla ya Mei, na mkono wake hautatetemeka.

> Hakuna mkono unaojifunza kupasua kwa kumtazama mwenzake.

Nani analipa

Matokeo hutoka katikati ya mwaka, na daraja moja la baiolojia linaweza kumhamisha kijana kutoka udaktari hadi fani ambayo hakuwahi kuifikiria. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 serikali imekuwa ikitoa ufadhili wa Samia kwa waliofaulu zaidi masomo ya sayansi, na kwa mtoto wa mkulima hiyo ni tofauti ya kwenda chuo bila deni. Wanaofungiwa mlango si lazima wawe wenye akili ndogo. Wengi ni wale ambao shule yao ilikuwa na trei moja ya nta kwa wanafunzi sita.

Chuoni pia deni linafuata. Aliyefaulu kwa kukariri anaingia mwaka wa kwanza wa udaktari, au wa kilimo kule Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, na kukuta mhadhara mmoja unabeba mada iliyomchukua muhula kidato cha sita. Madesa hayatoshi tena.

Ratiba ya kidato cha tano cha Julai huandaliwa na mwalimu wa taaluma kabla wanafunzi hawajafika. Vipindi viwili vya maabara kila wiki, kuanzia wiki ya kwanza na si Machi ya mwaka wa mwisho, vinaweza kuingizwa humo kwa kalamu. Trei za nta zinaweza kutengenezwa na fundi bati wa mjini, mishumaa ikayeyushwa ndani, moja kwa wanafunzi wawili. Mwanafunzi mmoja akimpasua panya wa Agosti, mwenzake achukue mkasi kwa panya wa Septemba, na mwalimu aandike majina yao ukutani ili ajulikane ambaye zamu yake haijafika.